Gari la Njia Mbili na Mlima wa Newala



Wahenga walinena kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Lakini liko gari ambalo njia mbili hazikulishinda. Katika Mkoa wa Tokushima, nchini Japani, tangu Desemba 2021 basi dogo huchukua abiria barabarani kwa matairi ya mpira, kisha huteremsha magurudumu ya chuma na kuendelea na safari juu ya reli. Matairi ya mbele huinuliwa. Ya nyuma hubaki yakigusa reli na kulisukuma gari. Mabadiliko hayo hufanywa na mitambo kwa muda usiofika dakika moja.

Swali linalowahusu wananchi wa Masasi na Newala ni hili: chombo cha namna hiyo kitamfaa nini mkulima wa korosho?

Kabla ya kujibu, hapana budi kuitazama historia. Reli imepata kufika Masasi. Serikali ya kikoloni ilijenga Reli ya Kusini kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea, mpango ulioanzishwa mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, kwa kuwa mashine zililetwa kabla ardhi na mvua havijachunguzwa. Hata hivyo bandari ya Mtwara iliunganishwa na reli mwaka 1954, na tawi la Masasi likafunguliwa mwaka 1958. Karanga zilizotarajiwa hazikuwapo, na mizigo mingine haikutosha kulipia gharama. Mwaka 1962 reli ilifungwa, na baadaye vyuma vikang'olewa.

Newala haikupata reli hata siku hizo, na sababu kubwa ni ya maumbile. Mji huo uko ukingoni mwa Uwanda wa Wamakonde, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo nchi huporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Gurudumu la chuma juu ya chuma halishiki sana. Kwa hiyo reli ya mizigo huepuka mwinuko unaozidi mita 2 katika kila mita 100. Tairi la mpira hupanda mlima ambao treni haiuwezi.

Hapo ndipo ilipo faida ya gari la njia mbili. Laweza kumchukua mgonjwa au msafiri Newala, likateremka kwa barabara hadi Masasi, na kama reli ingekuwapo, likaendelea hadi Mtwara bila abiria kushuka. Lakini ni dhahiri kwamba basi dogo halibebi korosho za msimu mzima. Gari lenye magurudumu ya aina mbili hubeba uzito wa ziada kila liendako, na uzito huo hupunguza mzigo. Kwa magunia ya vyama vya ushirika, njia nyepesi zaidi ni kontena linaloinuliwa kwa winchi kutoka kwenye lori na kuwekwa juu ya behewa.

Vivyo hivyo kuhusu magari yanayojiendesha yenyewe. Juu ya reli njia imekwisha kuchorwa, na kazi ya mtambo ni kuongeza mwendo, kupunguza na kusimama. Katika barabara ya mlimani kuna mbuzi, baiskeli, watoto watokao shule na vumbi la kiangazi. Huko dereva bado anahitajika. Hata lile basi la Tokushima linaye dereva.

Reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay imekuwa ikitajwa katika mipango ya Serikali. Wananchi wa uwandani wanayo haki ya kuuliza mapema: uwanja wa kuhamishia mizigo utakuwa wapi, barabara ya kuteremkia itapita mvua na jua, na mzigo wa kurudi kutoka pwani utakuwa upi? Reli ya kwanza ilikufa kwa kukosa majibu ya maswali kama hayo. Yafaa yaulizwe sasa, kabla ramani haijageuka tuta na mataruma.