Masikio ya Mgonjwa Mzee: Uziwi na Deliriamu katika Wodi za Lubumbashi

Deliriamu ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Ndani ya saa au siku chache mgonjwa hupoteza umakini, maneno yake hayafuatani, na hali yake hupanda na kushuka, mara nyingi ikizidi usiku. Kwa wazee chanzo huwa malaria, nimonia, kuziba mkojo, upungufu wa maji, upasuaji wa nyonga au dawa za usingizi. Uziwi peke yake hauleti deliriamu, ila huifungulia njia: asiyesikia hajui yuko wapi, ni saa ngapi, wala anafanyiwa nini.

Lubumbashi, jiji la Kongo, ilikua pamoja na kampuni ya madini ya Union Minière, kisha Gécamines iliyoirithi, na wastaafu wake wengi walifanya kazi kando ya mashine za kutoboa miamba kule Kipushi au katika viwanda vya kuyeyushia shaba. Kelele inayozidi desibeli 85 kwa saa 8 kila siku, mwaka baada ya mwaka, huua seli za sikio la ndani, nazo hazioti tena. Sauti nyembamba hutangulia kupotea. Mzee husikia kwamba anasemeshwa, lakini hatofautishi "fika" na "shika". Umri huongeza tatizo, na dawa pia: kwinini hupunguza usikivu kwa muda, gentamisini huweza kuuharibu kabisa.

Wodini makosa huwa ya aina mbili. Daktari huuliza kwa Kifaransa, muuguzi hurudia kwa Kiswahili, mzee hajasikia hata mmoja; anajibu lisilohusika, na faili linaandikwa kuwa amechanganyikiwa. Kosa la pili ni baya zaidi. Mzee amelala kimya, haitikii, na ndugu anayemlinda anasema, "Baba hasikii, mumuache tu." Huenda hiyo ni deliriamu ya ukimya, ambayo haipigi kelele na kwa hiyo hupita bila kuonekana. Dawa ya makosa yote mawili ni kuhakikisha kwanza kwamba mgonjwa anasikia, ndipo apimwe umakini, kwa mfano kwa kutaja siku za juma kinyumenyume.

Ushahidi wa kinga upo. Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika New Haven, Marekani, kwa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Waliopata huduma ya pamoja, ikiwemo kutolewa nta masikioni na kupewa vikuza sauti, walipatwa na deliriamu kwa asilimia 9.9, wengine kwa asilimia 15. Huduma hiyo ilihusu pia usingizi, maji, macho na kutembea, kwa hiyo sifa yote isipewe masikio. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2023, uliwafuatilia wazee 977 kwa miaka mitatu. Vifaa vya kusikia havikupunguza kasi ya kudhoofika kwa akili kwa kundi zima, ila kwa waliokuwa hatarini zaidi vilipunguza kwa asilimia 48. Lakini hiyo ni hesabu ya miaka. Wodini hesabu ni ya siku.

Kwa hiyo kazi ianze na kilicho rahisi. Sikio litazamwe kwa taa, na nta iliyoziba ilainishwe na kutolewa, mradi kiwambo cha sikio hakijatoboka. Mwenye kifaa avae kifaa chake; usiku kiwekwe kwenye kikopo chenye jina, maana hupotea ndani ya mashuka. Asiye nacho apewe kikuza sauti cha kubebeka. Msemaji akae mbele ya mgonjwa, barakoa ishushwe inaporuhusiwa, aseme polepole kwa sauti nene, si kwa kupiga kelele. Umeme ukikatika, taa ya mkononi imulike uso wa msemaji, kwa sababu midomo nayo husomwa.

Swali "Je, mgonjwa anasikia?" liwekwe kwenye karatasi ya kumpokea mgonjwa, na lijibiwe kabla ya dawa yoyote ya kumtuliza kuandikwa.