Furaha Isiyostaafu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Niseme machache juu ya furaha ya kudumu. Nitasema kama Mkristo, bila nia ya kumkwaza ndugu yetu yeyote Mwislamu, maana hapa sote tulikula ugali wa sufuria moja.

Sisi ni watoto wa Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere alipotoa kijitabu chake mwezi Machi 1967, shule zilifungua mashamba, nasi tukashika majembe. Siidharau siasa ile hata kidogo. Methali yasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini jembe lina kazi yake, na roho ina haja yake. Mtu aweza kujilisha, kujijengea nyumba na kusomesha watoto kwa jasho lake, naye asiweze kujipa furaha ya kudumu.

Kwa nini? Kwa sababu furaha inayotegemea nguvu zangu huisha nguvu zangu zinapoisha. Mimi nilifundisha hesabu miaka 34. Nikastaafu, cheo kikaenda. Kisha presha ya macho ikaninyang'anya nuru, na leo sioni hata ubao. Miaka minne iliyopita mama watoto naye akatangulia. Kama furaha yangu ingekaa katika hayo matatu tu, leo nisingekuwa na neno la kuwaambieni.

Nawapeni mfano wa msomi kama sisi. Simeoni Nsibambi wa Uganda alisoma King's College Budo, akafanya kazi serikalini. Alitamani sana kwenda kusoma ng'ambo, akakosa nafasi. Jambo hilo lilimuuma, mpaka alipotambua kwamba wokovu wa Kristo ni zawadi kubwa kuliko masomo aliyoyakosa. Mwaka 1929 alikutana huko Kampala na Dk. Joe Church, mganga Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, aliyekuwa amechoka kabisa baada ya njaa kuu iliyoipata nchi ile. Daktari alikuwa amesoma Cambridge. Nsibambi hakuipata safari ya ng'ambo. Lakini mwenye kiu alikuwa daktari. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja siku mbili. Urafiki huo ulikuwa moja ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, uliofika hata Bukoba.

Angalieni, ndugu zangu: Church alirudi Gahini kwenye kazi ile ile na shida zile zile. Hakupewa nguvu mpya za kujivunia. Alijifunza kumwegemea Mwingine. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Mtume Paulo, aliyewaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na waraka wake umejaa furaha.

Mtaniuliza, mzee, jambo hili lafanyikaje nyumbani? Kila alfajiri mjukuu wangu hunisomea sura moja kabla hajaenda shule. Kisha naomba, namshukuru Mungu kwa watu, mmoja mmoja kwa jina lake. Siku nyingine machozi hunitoka, wala siyafichi. Furaha ya Kikristo si kucheka kutwa. Ni kujua kwamba nimeshikwa na Mkono ambao haustaafu wala hauugui.

Kwenu mnaokaribia kustaafu nasema: limeni, wekeni akiba, msiwe mzigo kwa watoto. Lakini msingoje macho yafifie na nyumba iwe kimya ndipo mtafute pa kuegemea. Mkabidhini Kristo mioyo yenu sasa, mngali na nguvu zenu, mkamzoee. Aliyemzoea mchana hatapapasa akimtafuta usiku.

Mungu awabariki, na aibariki shule yetu.