Soma Herufi ya Mwisho Kabla ya Kununua Giaboksi

(Mazungumzo ya mafundi magari kwa kikundi cha kijiji chenye gari la pamoja)



Mmetuita tuzungumze juu ya gari lenu, Toyota Hilux Surf. Gari hili linawapeleka wagonjwa hospitali. Linawaletea mbegu na dawa za mifugo. Wakati wa masika, barabara ikiwa tope tupu, ni gari hili tu linalopita, kwa sababu magurudumu yake yote manne yanavuta.

Sasa giaboksi yake ya otomatiki imekufa. Fedha mlizo nazo ni za mavuno. Kuna mtu amewaambia kwamba anayo giaboksi ya bei rahisi, imetoka kwenye Surf ya magurudumu mawili, nayo itaingia bila taabu. Je, ni kweli?

Jibu letu ni hili: vitu vingi vya ndani vinaweza kuhamishwa. Lakini giaboksi nzima haiingii hivi hivi. Tuwaeleze sababu.

Giaboksi ina sehemu tatu

Mbele kuna toki konveta. Hili ni bakuli la chuma lililojaa oili. Ndilo linalopokea nguvu ya injini, kwa hiyo dereva hana pedali ya klachi.

Katikati kuna pleti za klachi na meno ya gia. Chini yake kuna valvubodi, yenye njia nyembamba za oili zinazobadilisha gia.

Nyuma kuna mkia. Hapa hutokea shafti ya kutolea nguvu. Na hapa ndipo penye ugomvi wote.

Katika gari la magurudumu mawili, shafti hii ni ndefu. Inaungana na propela moja kwa moja, na nguvu inakwenda nyuma tu. Katika gari la magurudumu manne, shafti ni fupi. Inaingia kwenye transfa, yaani boksi la pili linalogawa nguvu mbele na nyuma. Shafti ndefu haiwezi kukaa kwenye transfa yenu.

Basi mtu atasema, “Tukate maneno, tubadilishe mkia tu.” Hapana, ndugu zetu. Shafti hiyo haichomolewi kwa nyuma kama msumari. Imeshikana na meno ya ndani. Ili kuibadilisha, fundi hana budi kuifungua giaboksi yote mpaka mwisho. Kazi hiyo ina gharama yake, na inahitaji seli na gasketi mpya. Bei rahisi ya jana inakuwa ghali leo.

Herufi moja

Ninyi mmejifunza kusoma. Tumieni elimu hiyo hapa. Fungueni boneti ya gari. Tafuteni kibati kilichoandikwa namba za gari. Kibati chenu kinasema A340F.

Toyota ilitengeneza giaboksi za ukoo huu kwa namna mbalimbali. A340E ni ya magurudumu mawili. A340F ni ya magurudumu manne. A340H nayo ni ya magurudumu manne, lakini transfa yake huendeshwa kwa nguvu ya oili, kwa hiyo msiichanganye na F. Namba ni ile ile, 340. Kinachotofautiana ni herufi moja ya mwisho. Asiyeisoma anaweza kupoteza fedha za kikundi kizima.

Kabla ya kulipa

Mkienda kununua, iwe mjini au Dar es Salaam, ulizeni haya:

1. Herufi ya mwisho ni ipi? Muuzaji asipojua, tazameni mkia kwa macho. Pelekeni ya zamani mlinganishe.

2. Imetoka kwenye injini gani? Giaboksi ya injini ya petroli huenda isiungane na injini ya dizeli.

3. Ni ya miaka gani? Plagi za umeme zikitofautiana, kompyuta ya gari haitaielewa. Tazameni pia sensa ya mwendo. Mara nyingi katika gari la magurudumu mawili iko kwenye mkia wa giaboksi, na katika la manne iko kwenye transfa.

4. Oili yake ikoje? Oili nzuri ya aina hii kwa kawaida ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, iacheni.

Mkiwa mmekwisha inunua hiyo ya A340E, msiitupe. Pleti za klachi, meno na pampu vinaweza kusaidia kuitengeneza A340F yenu, mradi fundi avilinganishe kimoja kimoja. Maganda na shafti ya nyuma vibaki vyenu vya zamani.

Wakati wa kufunga

Mwambieni fundi asafishe mabomba ya oili na sehemu ya rejeta inayopoza oili hiyo. Uchafu wa giaboksi iliyokufa hubaki humo, nao huiua mpya.

Toki konveta isukumwe mpaka ishike pampu sawasawa. Isiposhika, mkikaza bolti pampu itavunjika hata kabla gari halijaondoka.

Oili ipimwe gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa moto na inanguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia kila mahali na kuurudisha P. Msitie oili ya injini. Fuateni kitabu cha gari.

Ndugu zetu, haraka haraka haina baraka. Mchagueni mjumbe mmoja aandike namba ya kibati kwenye daftari la kikundi. Siku ya kununua aende nalo. Muuzaji akisema “zote ni moja,” mjumbe afungue daftari, asome herufi ya mwisho kwa sauti.