Tela la Boti: Kutoka Mbarara Hadi Ziwa Nakivale

Ninyi mnaovuta boti kwa tela kutoka Mbarara hadi Ziwa Nakivale, wilayani Isingiro, kabla ya safari pimeni upepo wa tairi, kazeni nati, fungeni mnyororo wa usalama, jaribuni taa. Njiani simameni, mkague habu za magurudumu: zikichemka kupita kiasi, beringi huenda zimekosa grisi.

Mkifika mwaloni, msikimbilie majini. Habu yenye moto ikizama ghafla, hewa ya ndani hupoa, husinyaa na kuvuta maji hadi kwenye beringi. Subirini ipoe. Wekeni mawe nyuma ya magurudumu ya gari. Watoto wakae mbali. Mkimaliza, osheni tope. Tela bovu huua barabarani: likagueni kila safari.