Tumbawe Linalotambaa Katika Tangi

  Mwenye daftari alifungue, na mwenye kalamu aiweke tayari, kwani leo mtapata maneno matatu mapya ya kuandika, na mwishoni hesabu moja.

Somo hili limeletwa na barua. Mwanafunzi mwenzenu mmoja, aliyeajiriwa huko pwani kutunza nyumba, ametuandikia kwa mkono wake mwenyewe, na herufi zake zinasomeka vizuri. Asema kwamba katika sebule ya tajiri wake mna tangi kubwa la kioo lililojaa maji ya bahari, na ndani yake mna samaki, mawe, na matumbawe yaliyo hai. Kazi ya kulisafisha ni yake. Sasa tumbawe moja laini, jeupe kama maziwa, limetambaa likafunika mawe karibu yote, na mengine yanakufa chini yake. Tajiri amemwambia, "Ling'oe lote ukalitupe baharini." Yeye anatuuliza, je, afanye hivyo?

Kung'oa, ndiyo. Kutupa baharini, hapana. Lakini jibu fupi namna hiyo halimsaidii mtu aliyesimama mbele ya tajiri wake, basi tulieleze.

Andikeni neno la kwanza: TUMBAWE. Moja ni tumbawe, mengi ni matumbawe. Watu wa pwani hulijua kama jiwe, maana nyumba za kale za Lamu na Unguja zilijengwa kwa mawe hayo, na chokaa yake pia ilichomwa kutokana nayo. Lakini jiwe lile ni kama mifupa tu. Aliyelijenga ni mnyama mdogo sana mwenye kinywa kimoja na mikono inayokizunguka, naye huishi na wenzake kwa maelfu. Yako pia matumbawe yasiyojenga jiwe. Hayo ni laini, ukiyagusa ni kama kugusa uyoga uliolowa. Hilo la ndugu yetu ni la namna hii.

Neno la pili ni ZENIA. Ndilo jina la tumbawe lake, kwa jinsi alivyolieleza. Anasema lina vishina vifupi, na juu ya kila kishina mna vikono vingi vinavyofumba na kufumbua mchana kutwa, kama ngumi ya mtoto mchanga. Ukihesabu mikono ya mnyama mmoja utapata minane, na kila mmoja una vinyweleo pande mbili mfano wa unyoya. Kwa nini inafumba na kufumbua? Ndani ya mwili wa zenia mna vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutengeneza chakula kwa nguvu za mwanga. Mwaka 2013 wataalamu waliochunguza jamaa yake mmoja katika Bahari ya Shamu, huko Eilat, walieleza kwamba mwendo ule huyasukuma maji yaliyotumika na kuleta mengine, na vimea vile hufanya kazi zaidi. Mnyama huyu, kwa kweli, ana akili ya shamba kuliko wakulima wengine!

Baharini zenia ina majirani wengi wa kugombana nao, na mawimbi, na dhoruba. Ndani ya tangi taa huwaka kila siku kwa saa zile zile, maji ni tulivu, na mabaki ya chakula cha samaki huoza na kuyarutubisha maji kama samadi. Kishina kimoja hugawanyika kikawa viwili. Mguu wake hutambaa polepole kutoka jiwe hadi jiwe, hata juu ya kioo. Tumbawe la jiwe, ambalo hukua taratibu, hufunikwa, likakosa mwanga, likafa.

Sasa kazi yenyewe. Kosa wanalolifanya wengi ni kuchukua mkasi na kukata vishina ndani ya tangi. Kishina kilichokatwa huacha mguu wake juu ya jiwe, na mguu huo humea tena. Nacho kipande kilichokatika huelea, pampu hukipeleka upande wa pili, kikashika hapo. Kwa hiyo ulikuwa na shamba moja, sasa unayo mawili.

Njia nzuri ni kulitoa jiwe zima. Lichukue kutoka katika tangi, liweke katika ndoo yenye maji yale yale ya tangi, kisha shika zenia chini kabisa, penye mguu, uibandue kama mtu abanduaye maganda ya muhogo. Inayobaki ikwangue kwa kisu butu, usugue kwa mswaki wa zamani, kisha suuza jiwe katika ndoo ya pili. Kama jiwe ni kubwa mno halitoki, basi zima pampu kwanza, weka mdomo wa mpira wa maji karibu na kidole chako, na kila unachokibandua kivutwe papo hapo kwenda ndooni. Jiwe ambalo tajiri apenda libaki na zenia yake, liweke peke yake juu ya mchanga, mbali na mengine na mbali na kioo. Baada ya hapo punguza chakula cha samaki, na ubadilishe sehemu ya maji kila juma. Usitazamie kwamba utamaliza kwa siku moja. Kila juma tazama mawe, na kichipukizi ukikiona, kitoe kikiwa kimoja.

Wako watu wanaopaka uji wa chokaa juu ya mimea na wanyama wasiotakiwa katika tangi. Huua kweli. Lakini chokaa ikizidi hugeuza maji yote yakawa makali, na samaki hufa. Mimi simshauri mtu asiye na vipimo.

Neno la tatu liandikeni kwa herufi kubwa: SUMU. Zenia haina hatari kubwa kwa mtu, lakini katika matangi hayo hayo hukaa jamaa mwingine atambaaye, mfano wa vifungo vya shati vyenye mikono mifupi pembeni, rangi ya kahawia au kijani. Aina nyingine za vifungo hivyo zina sumu kali mno. Mwezi wa Machi 2018, katika kijiji cha Steventon huko Uingereza, watu 10 walipelekwa hospitali, wazima moto wakiwamo, baada ya matumbawe ya tangi la nyumbani kusafishwa. Basi, ndugu yangu, usichemshe jiwe la tangi kamwe, wala usilimwagie maji ya moto, maana sumu hupanda na mvuke ukaivuta. Vaa glovu na miwani, fanya kazi nje penye hewa, na ukiwa na kidonda mkononi mwachie mwingine. Ukivikuta vifungo hivyo usivikwangue, mwambie tajiri atafute mjuzi.

Narudi kwenye bahari. Tajiri aweza kusema, "Zenia imo baharini kwetu tangu zamani, kuna ubaya gani?" Ni kweli, jamaa za zenia wamo katika Bahari ya Hindi. Lakini matumbawe ya biashara husafirishwa kwa ndege kutoka nchi nyingi, na mara nyingi hakuna ajuaye hasa ni aina ipi, wala limebeba ugonjwa gani. Nchini Venezuela, sehemu za Mochima, jamaa mmoja wa zenia aliingizwa na watu wa biashara ya matangi katika miaka ya 2000. Ametambaa juu ya miamba na kuyafunika matumbawe ya pale. Mwaka 2020 aina hiyo hiyo ilionekana katika bandari ya Pearl Harbor, Hawaii. Mwaka 2023 zenia ilionekana Puerto Rico, na wapiga mbizi wakaanza kazi ya kuing'oa. Ndani ya tangi, kisu na ndoo vyatosha. Mwambani, ambapo samaki wa mvuvi huzaliana, ndoo haitoshi.

Kwa hiyo zenia uliyoing'oa ianike juani hata ikauke kabisa, kisha uifukie au uitie katika taka. Maji ya ndoo yamwage shimoni au chooni, mbali na ufuko. Tajiri msomee barua hii, wala usiogope. Si ubishi, ni kazi yako unaifanya vema.

Hesabu ya juma hili. Tangi lina lita 240. Kila juma hubadilishwa sehemu moja katika kumi ya maji. Ndoo hushika lita 12. Zahitajika ndoo ngapi kwa juma, na lita ngapi kwa majuma manne? Andikeni majibu, na chini yake yale maneno matatu, kila moja katika sentensi yake. Mwalimu wa darasa atayasahihisha kabla ya somo lijalo.