Mchango wa Mtoto Usiishie Kwenye Upasuaji
(Hotuba kwa wazazi, Kabianga)



Mtoto akizaliwa na nyayo zilizopinda, si laana wala si kosa la mama. Matibabu yapo. Mtoto mchanga hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kisha wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, na baadaye huvaa viatu maalum vya kulalia hadi miaka 4 au 5. Anayecheleweshwa ndiye huenda akahitaji upasuaji mkubwa.

Familia isiyo na uwezo haiko peke yake. Hospitali ya CURE, Kijabe, inatibu watoto wenye ulemavu wa viungo tangu 1998. Shirika la Watsi, lililoanzishwa Marekani mwaka 2012, huchangisha kwa intaneti: wengi hutoa kidogo kidogo, matibabu yanalipwa. Ni harambee ileile, ila wachangaji hawamjui mtoto.

Kwa hiyo kamati za mchango zizingatie haya. Fedha ziende kwa akaunti ya hospitali, si kwa simu ya mtu. Picha ya mtoto isisambazwe bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda. Nauli ya kurudi kliniki nayo ihesabiwe, kwani viatu vikiachwa, mguu hupinda tena na mchango wote umepotea.

Mwenye mtoto kama huyo amwone mhudumu wa afya wiki hii. Asingoje bonasi ya majani chai.