Hapa Huombi Kibali cha Kutoka
Mazungumzo na familia zilizofika Marekani

 

Leo nazungumza juu ya kambi, kwa sababu mtu anaweza kutoka kambini akapanda ndege, na kambi ikapanda naye. Wengi wenu mmetoka Nyarugusu au Nduta. Nami nilikaa Nyarugusu miaka 11, kwa hiyo tunaelewana.

Siku moja mtoto wako atakuuliza: kwa nini hamkuruhusiwa kutoka? Mwambie ukweli. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, mkoani Kigoma, kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Miaka miwili kabla, mwaka 1994, zaidi ya Wanyarwanda 200,000 walikuwa wameingia Ngara kwa siku chache tu. Serikali iliogopa: usalama, misitu, maji. Mwaka 1998 ikatungwa Sheria ya Wakimbizi, ikamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na akitaka kutoka awe na kibali. Lakini mwambie mtoto pia kwamba nchi hiyo hiyo iliwapa Warundi wa mwaka 1972 ardhi ya kulima Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Kwa hiyo kambi ya kufungiwa ni uamuzi wa watu. Haikutokana na kosa lako.

Kambi hupangwa kwa vipimo. Vipimo vya kimataifa vya dharura vinasema: mita za mraba 45 kwa kila mtu, bomba moja kwa watu 250, choo kimoja kwa watu 20. Ni vipimo vizuri kwa miezi ya mwanzo, maana vinazuia kipindupindu. Shida ni kwamba dharura ikawa miaka 10, ikawa 20. Watoto wakazaliwa kwenye foleni, wakaoa na kuolewa kwenye foleni. Na hakuna kipimo kinachosema mtu anahitaji maamuzi mangapi kwa siku ili abaki mtu mzima.

Nitawapa mfano. Mama mmoja wa hapa kwetu alikaa miezi 6 bila kwenda kumwona binti yake aliyejifungua katika jimbo la jirani. Nauli ya basi alikuwa nayo. Tulipomuuliza, akasema: "Bado sijapewa ruhusa." Alikuwa akingoja mtu wa ofisi amwite. Hakuna aliyemwambia kwamba hapa hakuna wa kumwita. Mjukuu alikuwa ameanza kukaa siku bibi yake alipombeba mara ya kwanza.

Basi sikilizeni vizuri.

Ndani ya Marekani unasafiri bila kibali. Beba tu kitambulisho chako na karatasi yako ya I-94.

Ukihama nyumba, ijulishe idara ya uhamiaji ndani ya siku 10. Hiyo ni taarifa tu, wala hailipiwi. Usiisahau, kwa sababu barua zako zitakwenda kwenye anwani ya zamani.

Ukitimiza mwaka mmoja, sheria inakutaka uombe kadi ya kijani. Usingoje kuitwa.

Kabla ya kutoka nje ya nchi, pata kwanza hati ya kusafiria ya mkimbizi. Na usirudi nchi uliyoikimbia kabla ya kuzungumza na mwanasheria, hata kama ni kwa msiba.

Ukikwama kwenye fomu, njoo. Tutakaa pamoja tuijaze.

La mwisho. Msiione miaka ya kambi kuwa takataka. Kambini mlichagua viongozi wa zoni, mliendesha shule kwa mtaala wa Kongo, sungusungu walilinda usiku, kina mama waligawana mafuta ya kupikia pale mgao ulipopunguzwa. Huo ni ujuzi. Mikutano ya wazazi shuleni inauhitaji, na kamati za wapangaji zinauhitaji.

Mliyojifunza kwa kuishi pamoja, yashikeni. Ile hofu ya geti, iacheni hapa leo, kwenye viti hivi. Na wewe mwenye ndugu mji wa pili ambaye hujamwona tangu ufike, wiki hii kata tiketi.